Refa Asiachwe Peke Yake Uwanjani

Mhariri,

Kwa miaka kadhaa nimepuliza filimbi katika mechi za jioni za vijana hapa Malindi, kuanzia Shella hadi Muyeye, na kinachoniuma kuliko matusi ni kuchezesha bila washika vibendera. Sheria ya 11 ya soka inataka kuotea kwa mshambuliaji kupimwe pale mpira unapochezwa na mwenzake, wala si pale yeye anapoupokea. Refa aliye peke yake, katika uwanja ambao upepo wa kusi umekwisha kufuta mistari ya jivu, hawezi kutazama pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Mwezi uliopita nilikataa bao lililokuwa halali, kama alivyokiri baadaye kipa aliyefungwa. Nilimwendea nahodha wa timu iliyodhulumiwa nikamwomba radhi, naye akanipa mkono, lakini mashabiki walinifukuza kwa mawe hadi barabarani, na ni kina mama wauza viazi karai walionikinga.

Mwaka 2010 huko Detroit, Marekani, mwamuzi wa besiboli Jim Joyce alikosea uamuzi uliomnyima mrushaji Armando Galarraga mchezo mkamilifu, yaani mchezo ambao hakuna mpinzani hata mmoja anayefika kituo cha kwanza, akakiri hadharani, na kesho yake wawili hao wakapeana mikono uwanjani.

Nawasihi waandaaji wa mashindano yetu watenge sehemu ya ada ya kila timu kuwalipa washika vibendera wawili, hata kabla ya kununua kombe na jezi.

Refa wa mtaani,
Malindi