Lile gego la nyuma la mtoto wa miaka 6 si la utotoni

Asalaam aleikum wateja wetu wa Lamu na visiwa jirani. Leo tuna jambo moja tu ila tunaomba mlisome mpaka mwisho, haswa nyinyi mlio na watoto wa chekechea na darasa la kwanza.

Juzi alikuja nyanya mmoja kutoka Matondoni na mjukuu wake wa miaka 7, mtoto kashika shavu, vidole bado vyekundu kwa mabuyu, na nyanya hakutaka maneno mengi. "Ling'oe tu daktari, hili la utotoni, litaota jengine." Nikawasha taa nikaangalia, gego la chini kushoto, la mwisho kabisa kule nyuma, lina tundu jeusi katikati na mabaki ya kashata yamekwama ndani. Nikamwambia nyanya, kabla sijashika chombo chochote hebu njoo tuyahesabu pamoja.

Na kuhesabu kwenyewe ni rahisi, hata nyumbani mwaweza. Anza katikati ya meno ya mbele uende upande mmoja. Meno ya utotoni ni matano tu kila upande, mawili ya mbele, chonge moja, magego mawili, basi. Matano mara nne ndio 20. Kidole chako kikifika kwenye la sita, hilo ni jino la ukubwani, litakaa na huyo mtoto mpaka uzeeni, na likitoka hakuna jengine linalongoja chini yake. Nyanya alihesabu mwenyewe kwa kidole chake mara mbili, akanyamaza, kisha akasema kalea watoto tisa na hakuna mtu aliyewahi kumwambia.

Na hana kosa wallahi, maana meno ya mbele yanapobadilika kila mtu nyumbani anajua, jino linalegea, mtoto analichezea kwa ulimi mpaka madrasani, likitoka sisi zamani tulikuwa tunalirusha juu ya makuti. Lakini gego la miaka 6 halisukumi jino lolote, linaota nyuma ya yale magego mawili pahali ambapo hapakuwa na kitu, kimya kimya, mara nyingi bila homa bila kilio, na mzazi akiliona anadhani lilikuwepo siku zote. Kwa hivyo likitoboka anasema si litang'oka tu, na hilo ndilo linalotuuma sisi hapa kliniki, kwa sababu tunayapokea magego haya yameisha kabisa kwa watoto wa miaka 9 na 10.

Kitu ambacho wengi wanashangaa ni kwamba gego hili linaanza kuwa gumu ndani ya taya karibu na siku mtoto anapozaliwa, yani unambeba arubaini yake na lenyewe limeshaanza kujengwa, linachukua miaka 6 hivi kutokeza. Na likitokeza bado halijakomaa, mzizi wake unamalizika kama miaka mitatu baadaye. Ile ngozi ngumu ya nje ya jino ikishatoboka mwili hauijengi tena.

Sasa yale ya utotoni nayo msiyadharau. Jino la ukubwani likipanda linayeyusha mzizi wa la utotoni pole pole, ndio maana jino la mtoto likianguka lenyewe unaliona kama halina mzizi, ulikuwepo na ulikuwa mrefu. Ya mbele huanza kuanguka miaka 6 au 7, lakini magego ya utotoni yanakaa mpaka miaka 10 hadi 12. Mtoto akioza gego akiwa na miaka 4 huwezi kumwambia angoja miaka 6 na maumivu. Tena likitolewa mapema, la nyuma yake linasogea mbele linakula nafasi, na lile la chini likitaka kupanda linakosa njia, linatokea upande. Hapo ndipo tunapoweka kiwaya kidogo cha kushikilia nafasi mpaka mwenyewe aje.

Ukiona jino la mbele la chini linaota kwa nyuma na la utotoni bado lipo, safu mbili, usiogope, tunaliona sana. Kama la utotoni linacheza mwache mtoto alitingishe, ulimi utalisukuma lile jipya mbele. Kama halichezi hata kidogo, mlete tuangalie.

Na hawa wanaoruka baharini kutoka gatini na wanaoanguka punda: jino la mbele la ukubwani likitoka zima lishike upande ule mweupe unaoonekana mdomoni usiguse mzizi, lisuuze kidogo tu, lirudishe pahali pake, ukishindwa litie kwenye maziwa mje mbio, dakika zinahesabika. La utotoni usilirudishe kabisa, utaumiza lile lililo chini.

Kuhusu mswaki, gego la sita likiwa linaota linakuwa chini kuliko wenzake, mswaki unapita juu yake bila kuligusa. Uingize kwa pembeni ya shavu, uulaze, usugue lile peke yake. Hii ni kazi yako mzazi mpaka mtoto afike miaka 7 au 8, mkono wake bado haufiki huko. Dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere inatosha, ateme asisukutue kwa maji mengi.

Yule mtoto wa Matondoni, alhamdulillahi mshipa wa ndani ya jino ulikuwa mzima, tukasafisha tukaziba, na magego yake mengine matatu ya sita tukayapaka ile dawa inayoziba mifereji ya juu ili chakula kisikwame. Haina sindano wala ganzi, gego moja ni dakika chache.

Kwa hivyo mtoto akitimiza 6 mlete tu hata kama haumwi. Kuhesabu hatutozi. Wanaotoka Faza na Kizingitini tunawaona asubuhi kwanza ili mshike boti ya kurudi, mtuarifu tu siku moja kabla.