Studio za zamani Nakuru zisichome negativu

Mhariri,

Naomba nafasi niwasihi wenye studio za zamani hapa Nakuru, pamoja na watoto waliozirithi: msichome negativu, yaani zile filamu ambazo picha huchapishwa kutoka kwazo. Hivi karibuni studio moja ilifungwa, maboksi yakatolewa nje yakachomwa pamoja na mapazia. Nilipofika palikuwa na majivu na vikopo vya filamu.

Kazi yangu ni kupiga picha, harusi hasa. Lakini wanaonijia kwa haraka zaidi ni wafiwa. Huleta kitambulisho cha marehemu wakiomba niikuze ile picha ndogo, iwekwe kwenye ratiba ya mazishi. Haikubali kukuzwa, uso unageuka ukungu. Ilhali mzee yule huenda alisimama studio miaka ya 1970 akiwa na suti yake, picha ikachapishwa, ikakatwa, kikabaki kichwa tu. Negativu inaye mzima: mikono, viatu, na vifungo vya koti ambavyo kwenye karatasi vilimezwa na weusi.

Naambiwa mashine ya kuzinakili negativu ziwe picha za kompyuta haipatikani. Kamera ya dijitali inatosha. Unahitaji lenzi ya makro, ile ya kupiga vitu vidogo kwa karibu, taa ya LED iliyofunikwa kwa plastiki nyeupe isiyopenyeka macho, na stendi ya kuishika kamera ikitazama chini. Weka kioo cha kujitazamia pale negativu itakapolala. Ukitazama kwenye kamera ukaiona lenzi yenyewe katikati ya picha, kamera imenyooka. Zima taa za chumba, ziba kwa karatasi nyeusi mwanga unaovuja kandokando, weka tundu la lenzi kwenye f/8 na wepesi wa kuhisi mwanga (ISO) kwenye 100, kisha tumia kipima muda ili kidole kisitikise kamera. Kompyuta itageuza weusi kuwa weupe. Fremu ya filamu ya 35 mm ina milimita 24 kwa 36 tu, lakini ikijaa vizuri kwenye kamera ya megapikseli 24 utachapisha picha ya upana wa inchi 20, tena kali.

Vumbi ndilo lenye kazi. Skana nyingi za filamu hulifuta kwa miale ya infraredi, na hilo kwa filamu ya rangi ni sawa. Kwa filamu nyingi za nyeusi na nyeupe haifai, kwa sababu madini ya fedha yaliyounda picha huizuia miale hiyo pia. Basi ni kupuliza kwa pampu ya mpira, na kuvumilia. Upande usiong'aa usiguswe kabisa.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni bahasha iliyohifadhia negativu. Waliosafisha picha zamani waliandika juu yake jina, tarehe na namba. Ipige picha bahasha kwanza, ndipo negativu. Nimeletewa maboksi ya nyuso safi kabisa zisizo na jina hata moja, kisa mtu aliona bahasha ni chafu akazitupa. Wanaoweza kuwatambua watu hao ni wazee, na wazee wanatuacha.

Ukimaliza, usizitupe negativu. Zitie kwenye bahasha mpya za karatasi, si nailoni, na zisiwekwe darini chini ya mabati. Ndugu zetu wa Kisumu, kwa joto na unyevu wa ziwa, wawe macho zaidi: filamu inayonuka siki imeanza kuoza, itengwe na nyingine, ipigwe picha mapema.

Naziomba serikali za kaunti zote mbili zitenge meza moja tu ndani ya maktaba, yenye kamera na kijana aliyefunzwa. Picha zisiwekwe mtandaoni kabla jamaa hawajakubali. Hizo ni nyuso za watu.

Wakati tukisubiri, taa na meza ninazo. Mwenye boksi anayetaka kulitupa aniletee, sitamtoza hata shilingi. Anwani yangu nimemwachia mhariri.

Mpiga picha,
Nakuru