YAH: MALALAMIKO KUHUSU FUROSHIKI YA ASANOHA MLIYONIUZIA

Meneja,
Duka la Zawadi za Kijapani,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mwezi uliopita niliagiza kwenu furoshiki moja, yaani kitambaa cha mraba cha Kijapani cha kufungia zawadi, ya pamba, sentimita 105 kwa 105, rangi ya nili, mchoro wa asanoha, kwa shilingi 95,000. Nilikuwa naipeleka kwenye arobaini ya mtoto wa dada yangu.

Mlichoniletea kina sentimita 70. Hicho kinatosha chupa au kiboksi cha chakula, si blanketi na nguo za mtoto. Hilo ningelimeza, ila hata pamba si pamba. Nilichomoa uzi pembeni nikauwasha kwa kiberiti: badala ya kuacha jivu, uliyeyuka ukawa kidonge cheusi kigumu. Ndiyo maana fundo liliteleza. Nililifunga ma-musubi, fundo ambalo kwenye pamba halifunguki mpaka ulitake mwenyewe, na bajaji haijafika Magomeni vikofia na soksi vimeshamwagika miguuni mwangu.

Kubwa zaidi ni kikaratasi chenu cha maelezo. Mmeandika kwamba mchoro huu ni "majani ya bangi". Mama mkwe wa dada yangu alikisoma kwa sauti mbele ya wageni! Najua bangi na mmea wa asanoha ni wa jamii moja, sibishani na mtafsiri wenu. Lakini Mjapani anayemvisha mtoto mchanga asanoha anaukumbuka mmea wa nyuzi, unaorefuka upesi na kunyooka bila kuegemezwa, na anamwombea mtoto akue vivyo hivyo. Mngeandika hayo, sebule nzima ingeitikia amina. Mnawauzia nguo watu wanaosoma jina la kanga kabla ya kuuliza bei, halafu maneno mnayaandika ovyo.

Yagasuri, mchoro mwingine kwenye kikaratasi hicho, nayo mmeiita "mishale ya vita". Ile ni manyoya ya mshale, na zamani bibi harusi alipewa nguo yenye mchoro huo kwa kuwa mshale ukishatoka haurudi, naye asirudishwe kwao. Sahihisheni kabla hamjamharibia mtu harusi.

Naomba furoshiki niliyoilipia, au pesa zangu zote, ndani ya siku 14. Hii yenu ninayo pamoja na risiti. Mje kuichukua kwa gharama zenu, maana nimeshakuja dukani mara mbili nikakuta mmefunga.

Wenu,
Mteja wa Magomeni