Mwanangu, anza na breki

Mwanangu mpenzi,

Picha ya injini nimeipata, nami nimeikodolea macho asubuhi nzima. 4A-GE ya Toyota, kamshafti mbili juu, valvu 16, cc 1587. Na unataka kuifunga kwenye Corolla KE70 yako, mahali pa ile 4K ya cc 1290 yenye kabureta. Sikukatazi. Umechagua vizuri, maana Corolla AE86 iliyotoka kiwandani na injini hiyo ni ndugu wa gari lako, na zote mbili zinasukumwa na magurudumu ya nyuma.

Hakikisha tu imetoka kwenye gari la aina hiyo. Injini hiyo hiyo ilifungwa pia kwenye magari ya kuvuta kwa mbele, ikiwa imekingama. Ukibeba hiyo, utahangaika na mauntini zinazoishikilia injini na mabomba ya maji wiki nyingi. Na kabla hujalipa, pima kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda. Silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, iache hata kama muuzaji anakubembeleza.

Sasa nikupe kisa ambacho sijawahi kukusimulia. Mimi na mjomba wako tulipobadilisha injini ya gari letu la kwanza, tulitoka kwenye kabureta tukaenda kwenye EFI, mfumo wa kupulizia mafuta unaoongozwa kwa umeme. Tulifunga pampu mpya ya umeme, lakini mpira wa mafuta tukauacha ule wa zamani kwa sababu ulionekana mzima. Pampu ya kabureta haifikishi hata presha ya nusu ya bar 1. Ya EFI inasukuma karibu bar 3. Mjomba wako akapiga ufunguo, injini ikaitika mara ya kwanza, naye akapiga kelele kwa furaha. Mimi nilikuwa nimeinama na tochi. Nikauona ule mpira, pembeni kidogo ya klempu, ukivimba polepole kama jipu. Sikuwahi hata kufungua mdomo. Ukapasuka, petroli ikarukia ekzosi iliyokwisha kupata moto, na moto ukalipuka hadi usawa wa uso wangu. Tuliuzima kwa mchanga uliobaki wa kujengea. Lile kovu la mkono wangu wa kushoto, nililokwambia ni la maji ya moto, ni la siku ile.

Kwa hiyo mpira wa mafuta uwe mpya kutoka tenki hadi injini, ulioandikwa kuwa ni wa EFI, na klempu ziwe za aina isiyoutafuna. Usisahau paipu ya kurudisha mafuta kwenye tenki. Kizimamoto kikae mkononi mwa mtu siku ya kuwasha, si ndani ya nyumba.

Halafu breki. Najua hamu yako yote iko kwenye injini, lakini breki zitangulie. Nguvu inakuja karibu mara mbili, na breki ulizonazo zilipimiwa 4K. Badilisha diski, kalipa na hozi sasa hivi, wakati injini ya zamani bado imo na gari linatembea. Uzijaribu, uzizoee, ndipo ufungue bolti ya kwanza ya injini. Ukizingoja mwisho, gari litawaka jioni moja nawe utashindwa kuvumilia hadi kesho. Nakufahamu, maana hapo umenirithi mimi.

Waya ndizo zitakazokuchosha. Chukua injini pamoja na kontrolo boksi yake, ile kompyuta inayoiongoza, na waya zake zote zisizokatwa, na kila plagi unayoichomoa ibandike karatasi yenye jina, hata ile unayoona huwezi kuisahau. Namba ya injini kwenye kadi ya gari, na kwa watu wa bima, irekebishwe kabla hujaingia barabarani.

Injini hiyo inapita kilo 100. Boriti ya paa si mahali pa kufunga mnyororo, tafuta winchi ya kuinulia injini. Na jeki peke yake usiiamini kamwe. Hata kama ni nati moja tu imekudondokea, gari likae kwenye stendi kwanza ndipo uingie chini.

Nakuja Jumamosi na stendi zangu nne na ile spana ya toki, ya kupimia nguvu ya kukaza bolti, niliyokuwa nakukataza kuichezea. Diski ukizipata kabla ya hapo, zisafishe mafuta ya kiwandani, tutazifunga pamoja. Injini usiiguse mpaka nifike.

Mama yako