Barua ya wazi kwa Balozi wa India nchini Tanzania: ukuta wa Nek Chand usiguswe tena

Mheshimiwa Balozi,

Salamu kutoka Morogoro. Mimi ni mhandisi wa barabara. Nilisoma kwenu, Chandigarh, kuanzia mwaka 2013 hadi 2017, na tangu nirudi nyumbani kazi yangu imekuwa kupima, kusimamia vifusi na lami, na siku nyingine kuongozana na vijana wenye kopo la rangi nyekundu wakipiga X kwenye nyumba zilizoingia hifadhi ya barabara. Nayataja haya mapema ili ujue kwamba anayekuandikia hana ugomvi na barabara. Ndizo zinazonilisha mimi na wanangu.

Nakuandikia kuhusu ukuta. Mapema mwaka 2025, sehemu ya ukuta wa Rock Garden, bustani ya sanamu aliyoijenga Nek Chand huko Chandigarh, ilivunjwa ili kupisha upanuzi wa barabara na maegesho ya magari upande wa Mahakama Kuu ya Punjab na Haryana. Picha zilinifikia kwenye kundi la WhatsApp la Watanzania tuliosoma huko. Moja niliikuza kwa vidole mpaka ikapoteza sura, nikitafuta kama kile ninachokiona ndicho kweli. Najua jiji lile lina msimamizi wake na halipokei amri kutoka ofisi yako. Lakini kwetu sisi huku, mlango wa India tunaoweza kuubisha ni wako. Nakuomba uyafikishe haya kwa wenyewe.

Uniwie radhi nikisimulia unayoyajua. Barua hii itasomwa na wengi ambao jina la Nek Chand hawajawahi kulisikia.

Alizaliwa mwaka 1924 katika kijiji cha Barian Kalan, sehemu ya Punjab ambayo leo iko Pakistan. India ilipogawanywa mwaka 1947, yeye na familia yake waliiacha ardhi na nyumba wakavuka mpaka mpya kama mamilioni ya wengine. Lahore, makao makuu ya Punjab ya zamani, ilibaki ng'ambo. India ikaamua kujenga jiji jipya, Chandigarh, na ramani yake akakabidhiwa Le Corbusier, msanifu majengo mzaliwa wa Uswisi. Jiji lilichorwa kwa rula, sekta baada ya sekta, zege tupu na njia zilizonyooka. Ili lipate nafasi, vijiji zaidi ya 20 viliondolewa. Mkimbizi huyu aliyepoteza kijiji chake akapata ajira kwenye jiji linalofuta vijiji vya wengine: mkaguzi wa barabara katika idara ya ujenzi.

Nafasi hiyo naijua, Mheshimiwa. Ni yule mtu wa daftari na baiskeli anayehesabu mapipa ya lami asubuhi na kuyahesabu tena jioni. Hakuna anayemwalika siku ya kukata utepe.

Kuanzia miaka ya mwisho ya 1950, mtu huyo akitoka kazini alikuwa anapanda baiskeli yake na kuokota. Aliokota vigae vilivyovunjika, vikombe na sahani, masinki, vyoo vya kauri, vile vikombe vyeupe vinavyoshikilia nyaya juu ya nguzo za umeme, bangili za vioo zilizopasuka, fremu za baiskeli, mawe ya mtoni yenye maumbo ya watu na ndege. Kifusi cha vile vijiji vilivyobomolewa ndicho kilichokuwa ghala lake. Vyote alivibeba hadi kwenye bonde lenye msitu karibu na ziwa Sukhna, eneo la hifadhi ambalo kisheria hapakuruhusiwa kujengwa chochote. Huko alifanya kazi usiku, akichoma matairi makuukuu apate mwanga. Mkewe alijua, na watu wachache sana. Ilikuwa hivyo kwa takribani miaka 18.

Waliofika na kulikuta eneo lile katikati ya miaka ya 1970 walikuta kama ekari 12 za nyua zilizounganishwa kwa vijia, na ndani yake majeshi ya watu, wanyama na ndege wa saruji. Sheria ilikuwa wazi kabisa. Ujenzi haramu, ndani ya hifadhi, na mjenzi ni mtumishi wa serikali. Mimi nikiletewa faili kama hilo najua linavyoishia, kwa sababu nimeyafunga mengi.

Viongozi wa wakati ule walikwenda kuangalia kwanza. Mwaka 1976 bustani ikafunguliwa kwa umma. Nek Chand akapewa mshahara wa kuifanya kazi ile mchana, cheo cha mhandisi msimamizi wa Rock Garden, na vibarua 50 wa kumsaidia. Mwaka 1983 bustani yake ikatokea kwenye stempu ya India, na mwaka uliofuata akatunukiwa Padma Shri, mojawapo ya nishani za juu ambazo India huwapa raia. Leo eneo limepita ekari 25. Kila nikilikumbuka hili huwa nawawaza wale maofisa ambao majina yao hayakuandikwa kwenye lango lolote, na ambao wangeweza kupiga muhuri saa nne asubuhi na kwenda kunywa chai.

Mara ya kwanza kuingia Rock Garden ilikuwa Jumapili ya mwezi wangu wa tatu India. Nilikuwa sina rafiki, chakula kilikuwa hakijanikaa tumboni, na nilikuwa nimeshaanza kumwambia mama kwenye simu kwamba huenda nikarudi. Milango ya mle ndani ni mifupi. Mtu mzima hupiti bila kuinama, na Nek Chand aliifanya hivyo makusudi, kwa kuwa kwake pale palikuwa makao ya miungu na wafalme, na makao hayo hayaingiwi kichwa juu. Niliinama. Nilipoinua uso nikakutana na wanawake.

Walikuwa wamesimama kwa safu kwenye mteremko, pengine mia, kila mmoja na mtungi kichwani. Nguo zao zilikuwa bangili. Maelfu ya vipande vya bangili za vioo, nyekundu na kijani na bluu, vimepandwa kwenye saruji ikiwa mbichi, vimebanana kama magamba ya samaki. Nilisogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Kipande kimoja bado kilikuwa na rangi ya dhahabu pembeni, aina ile ambayo bibi harusi huvaa. Mkono fulani ulikuwa umeivaa bangili ile kabla ya kuvunjika, na ukaitupa, na mtu akashuka kwenye baiskeli akaiokota. Niliondoka mle jioni walipokuwa wanafunga lango. Kurudi nyumbani sikukutaja tena.

Baadaye, kwa macho ya fundi, nilianza kuona zilivyojengwa. Mifupa ya ndani mingi ni fremu za baiskeli: uma wa mbele unakuwa miguu, tandiko linakuwa kichwa cha mnyama. Juu yake linakuja tabaka la saruji na mchanga, kisha ngozi ya saruji safi iliyosuguliwa ikateleza, na humo ndimo vinapandwa vigae na vioo. Nazo kuta alizijenga kwa mapipa. Mapipa ya lami yaliyokwisha kazi, Mheshimiwa, yaliyopangwa na kujazwa zege, hata ukuta ukawa na mabega ya duara kama watu waliosimama wamegusana. Mkaguzi wa barabara alichukua takataka ya barabara akaifanya ngome.

Ndiyo maana siwezi kukubali hoja kwamba kilichovunjwa ni ukuta tu na sanamu hazikuguswa. Pale ukuta ni sanamu. Ukitembea kwenye vijia vya Rock Garden huoni mbali kamwe. Ukuta unakupeleka, unakubana, halafu ghafla unakufungulia uwanja wenye maporomoko ya maji. Nek Chand aliupanga mwendo wa miguu yako kama vile sisi tunavyopanga kona na mteremko. Ukiutoa upande mmoja, umetoa sentensi katikati ya hadithi ya mzee, na hata ukiujenga upya mita kadhaa nyuma kwa matofali mapya, aliyekuwa anasimulia hayupo.

Vita hii si mpya. Mwishoni mwa miaka ya 1980 njia na maegesho upande uleule wa mahakama viliitishia bustani, na mwaka 1989 mahakama ikaamua bustani ibaki. Hata hivyo mwaka 1990 mabuldoza yalifika. Wakazi wa Chandigarh, wazee na watoto, wakatoka wakashikana mikono mbele yake, na mabuldoza yakageuza. Mwaka 1996, Nek Chand akiwa safarini ng'ambo, fedha za matunzo zilisitishwa na wahuni wakaingia kuvunja sanamu. Jiji lilirekebisha na maisha yakaendelea. Kila mara palikuwa na mtu wa kusimama. Safari hii waliosimama walipaza sauti wakati mashine imeshapita.

Sasa niseme kama mhandisi. Najua barabara ile hufurika magari. Najua mawakili wanahitaji pa kuegesha, na kwamba Mahakama Kuu ya Le Corbusier imo katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2016, kwa hiyo upande ule haugusiki. Lakini barabara hupindishwa. Tunaipindisha kwa ajili ya mwamba, kwa ajili ya bomba la mafuta, kwa ajili ya makaburi. Huku kwetu nimewahi kupindisha moja kwa ajili ya mbuyu, na hakuna gari lililochelewa. Maegesho yanaweza kwenda mbali kidogo na watu wakaletwa kwa basi dogo. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kuitembelea saiti kwa miguu kabla mchoro haujasainiwa. Sisi wahandisi tunaanza na mstari kwenye kompyuta, na mstari ule haujui umepita juu ya nini.

Nilikuwa bado Chandigarh tarehe 12 Juni 2015, Nek Chand alipofariki akiwa na miaka 90. Joto la mwezi huo unalijua, lami inakuwa laini chini ya viatu. Mwalimu wetu wa vifaa vya ujenzi, mtu mkali asiyepoteza dakika, alifunga daftari akatuambia tukaangalie saruji iliyosuguliwa kwa mkono bila mashine ikadumu miongo minne kwenye mvua za masika yao. Tulikwenda watu kama ishirini. Alituonesha goti la sanamu ya mwanamke mmoja mcheza ngoma, akapitisha kidole juu yake taratibu, na hakusema neno kwa muda mrefu.

Ombi langu ni kwamba uufikishe ujumbe huu kwa msimamizi wa Chandigarh: mpaka wa Rock Garden uandikwe kisheria ukiwa na kuta zake za nje ndani yake, na pasivunjwe hata pipa moja zaidi kabla wakazi hawajasikilizwa mbele ya watu. Vipande vilivyotolewa mwaka 2025, kama bado vipo kwenye bohari lolote, vitunzwe. Pale ni mahali ambapo vipande vina kazi.

Nina ombi jingine, nalo liko ndani ya uwezo wako moja kwa moja. Kila mwaka mnawapeleka vijana wetu India kwa ufadhili wa masomo, na sasa hata Zanzibar mna kampasi ya IIT Madras, chuo chenu cha teknolojia, tangu mwaka 2023. Vijana hao wanarudi kuwa wapimaji na wasimamizi wa majiji yetu. Wekeni picha za kazi ya Nek Chand kwenye kituo chenu cha utamaduni Dar es Salaam, hata kwa mwezi mmoja, na muwaalike wahandisi na mafundi wa barabara waje kuziona. Wasanii watakuja wenyewe.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo lililonipata mwaka jana. Tulikuwa kwenye bomoabomoa, sitataja wapi. Mama mmoja alikuwa amekaa juu ya tofali zake akichambua kifusi. Hakulia wala hakututukana. Alikuwa anatoa vigae vya jikoni mwake, kimoja kimoja, anavifuta kwa khanga na kuvipanga kwenye beseni: vyeupe vyenye maua ya bluu, karibu vyote vimevunjika. Kijana wetu mmoja akamwuliza vya nini, mama. Akajibu, "Hivi bado vizuri." Mimi ndiye niliyesaini mchoro wa barabara ile, na sikuwahi kuitembea kwa miguu.

Nikipata jibu lako nitalibandika kwenye ubao wa ofisi yetu, palepale tunapobandika orodha ya nyumba zenye X.

Wako,
Mhandisi wa barabara, Morogoro