Kabla ya kumsema mgonjwa kwa kiu, angalieni sodiamu ya mashine

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo gazetini kwa niaba yetu sisi tunaopeleka wagonjwa wa figo kusafisha damu kwa mashine, yaani dayalisisi, hapa Dar.

Mama yangu anasafisha mara tatu kwa wiki, masaa manne kila mara. Tukifika kitu cha kwanza mzani, na akikutwa ameongezeka kilo tatu na nusu basi sista anamsema mbele za watu, bibi wewe unakunywa maji sana, hujihurumii. Mama ananyamaza anavutavuta pindo la kanga. Mimi nakaa naye, najua anachokunywa, anapima mwenyewe kwa kikombe cha kahawa, na usiku kwa joto hili la Mbagala anamung'unya kipande cha barafu basi. Ila siku aliyosafisha ndo kiu inakua kali zaidi, hajashuka hata kwenye bajaji anaulizia maji. Hiyo ndo ikanifanya niulize.

Daktari mmoja akanielewesha vizuri sana. Yale maji ya mashine yanayosafisha damu yana sodiamu, ile iliyomo kwenye chumvi, na kiwango chake kinapangwa. Kwenye damu kawaida ni 135 mpaka 145 milimoli kwa lita, sasa mgonjwa ambaye damu yake inakaaga 134 ukimuwekea maji ya 140, sodiamu inatoka kwenye maji inaingia mwilini. Ubongo ukiona damu imekolea chumvi unaleta kiu na hapohapo unamwaga homoni inaitwa vasopresini. Mwenye figo nzima, homoni hiyo inaziambia figo zibakize maji, mambo yanakaa sawa. Za mama hazisikii tena, kinachobaki ni homoni inayoweza kubana mishipa, na kiu. Anakunywa, uzito unapanda, presha inapanda, keshokutwa anasemwa tena.

Sisemi ishushwe kiholela, ikishuka sana presha inaanguka na misuli inakaza, nimeshaona jirani yake mama analia mguu umekakamaa katikati ya dayalisisi. Na chumvi ya chakula nayo lazima ipunguzwe, mama dagaa wa chumvi alishawaacha. Ninachoomba, angalieni kwanza sodiamu ya damu yake na ile ya mashine, zikipishana daktari aamue, na namba hiyo muiandike kwenye daftari la mgonjwa. La mama limejaa kilo na presha kurasa kwa kurasa, sodiamu ya mashine sijaiona humo hata mara moja.

Mtoto wa mgonjwa,
Mbagala, Dar es Salaam