Cheti cha kocha wa shule kianze na huduma ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nami nichangie mjadala wa vyeti vya makocha wa shule. Waliotangulia kuandika wamevutana kuhusu leseni: iwe ya daraja gani, nani aitoe, mwalimu asiye nayo aachwe au aondolewe. Mimi nauliza jambo la kabla ya hayo. Cheti chenyewe kinampima kocha kwa lipi?

Nilifundisha soka shuleni kwa miaka bila karatasi yoyote. Nilikabidhiwa timu kwa kuwa nilikuwa mwalimu kijana na ilisikika kwamba niliwahi kucheza chuoni. Nikavishwa filimbi, basi, nikawa kocha. Siku moja beki wangu aligongana vichwa na mshambuliaji wakigombea mpira wa juu. Alianguka, akainuka mwenyewe, akasema hana neno. Nikammwagia maji kichwani, nikamuuliza, "Unaweza?" Akaitikia. Nikamrudisha. Haukupita muda akanigeukia kuniuliza tunashambulia goli lipi. Wenzake waliangua kicheko. Nami nilicheka.

Sikujua nilichokuwa nakitazama. Mtoto aliyepata mtikisiko wa ubongo si lazima azimie, wengi hawazimii. Husahau matokeo, hurudia swali lile lile, huyumba, hukerwa na mwanga, na pengine dalili humtokea saa kadhaa baadaye akiwa nyumbani. Kanuni yake ni nyepesi: ukishuku tu, mtoe, na siku hiyo harudi hata akilia. Akishapona hurejea mazoezini hatua kwa hatua, na hachezi mechi mpaka mtaalamu wa afya aridhie. Akigongwa tena kabla hajapona, ubongo unaweza kuvimba ghafla na kumuua. Beki wangu alipona, lakini si kwa ujuzi wangu.

Moyo nao ni hivyo hivyo. Tarehe 12 Juni 2021 watu wengi tuliona kwenye televisheni Christian Eriksen, mchezaji wa timu ya taifa ya Denmark, akianguka uwanjani Copenhagen, moyo umesimama. Alikandamizwa kifua pale pale, moyo ukashtuliwa kwa mashine, akapona, na mwaka uliofuata alikuwa anacheza tena. Ila pale madaktari walikuwa hatua chache kutoka alipoanguka. Kwenye uwanja wa shule jioni, wa karibu ni kocha. Anajua kwamba kifua hukandamizwa mara 100 hadi 120 kwa dakika, kikishuka kama sentimita 5? Anajua kwamba kila dakika inayopita bila msaada hupunguza uwezekano wa kupona kwa asilimia 7 hadi 10? Mambo haya hayaingii kwa kusoma bango ukutani. Ni mpaka upige magoti mbele ya sanamu la mafunzo, uweke kiganja juu ya kiganja, na mikono ianze kutetemeka. Dakika mbili ni ndefu mno ukiwa pale chini.

Nilipokuja kusoma kozi ya ukocha, siku nyingi zilikwenda kwenye mifumo ya kupanga wachezaji uwanjani: 4-4-2, 4-3-3, namna ya kukaba kwa pamoja. Huduma ya kwanza ilipewa kipindi kimoja cha mchana, watu wamekwisha kula na wanasinzia. Sidharau mbinu, ila timu ikicheza mfumo mbovu itafungwa tu, haitapoteza mtoto.

Wapo wanaosema, na wana hoja, kwamba masharti yakiwa mazito walimu wanaojitolea watakimbia na watoto wabaki bila timu. Ndiyo maana sidai leseni kubwa. Nadai siku moja au mbili kabla ya mtu kukabidhiwa filimbi: kifua na moyo, kichwa, dalili za mwili kuzidiwa na joto, jinsi ya kupasha mwili ipasavyo, na mwenendo wa mtu mzima mbele ya watoto, ikiwamo kutojifungia chumbani na mwanafunzi mmoja. Gharama ibebwe na shule au mamlaka ya elimu, na siku hizo zihesabiwe kuwa za kazi. Tusimpe mwalimu mzigo kisha tumdai nauli. Na mchezaji mstaafu mwenye jina asisamehewe. Kucheza vizuri hakukumfundisha kumtazama mtoto aliyeanguka.

Cheti hicho kiwe pia na tarehe ya kwisha. Changu cha huduma ya kwanza hudumu miaka 2. Nimekirudia mara tatu, na kila mara nimekuta jambo lililonitoka. Mara ya mwisho mkufunzi alinishika mkono: nilikuwa nakandamiza kwa nguvu za kutosha, lakini sikukiachia kifua kinyanyuke chote kabla ya kukandamiza tena.

Wako msomaji,
Mwalimu wa michezo